Watu Watatu na Kiti cha Mninga

Sogeeni karibu, na walio nyuma wakae ili wote tuonane. Nina watu watatu na kiti kimoja, na nimeshindwa kuwagawia. Nimewauliza watu wazima, wakabishana mpaka chai ikapoa. Nimemuuliza shemeji yangu, akasema kiti kiuzwe. Sasa nimewaletea nyinyi, labda mtanisaidia.

Watu wenyewe wanafanya kazi katika uwanja wa ndege wa mji wa Lukendo, na kila mmoja ana kipawa chake.

Wa kwanza ni Chausiku, anayekaa kwenye dawati la maelezo. Ninasema anakaa, lakini hakai, na nitawaeleza kwa nini. Kipawa chake ni sauti. Si sauti kubwa. Hupita katikati ya kelele kama sindano inavyopita kwenye kitambaa, ikamfikia yule anayetafutwa.

Wa pili ni Mbaraka, mpagazi. Ana mabega mapana kama mlango wa ghala, na watu hudhani kipawa chake ni nguvu. Kipawa chake ni kupita. Mahali ambapo paka angesita, Mbaraka hupita na sanduku kichwani, na hakanyagi hata ukindu wa mkeka.

Wa tatu ni Eliapenda, anayesimama mlangoni kukagua pasi za abiria kabla hawajatoka kwenda kwenye ndege. Kipawa chake ni kutoharakishwa. Mpigie kelele, mtishe, msifu, mlilie, mwendo wake ni ule ule. Mumewe husema hilo ndilo lililomfanya amwoe, na siku nyingine husema hilo ndilo linalomfanya achelewe kula.

Wote watatu wana shida moja, nayo ni miguu. Wanasimama tangu asubuhi mpaka mchana, kwa sababu viti vyao vilichukuliwa wakapewa abiria, na abiria nao bado havijawatosha.

Ukumbi wa kuondokea wa Lukendo ulijengwa zamani, wakati ndege ilikuwa moja, ndogo, na abiria wake wote wangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Siku hizi ndege ni nyingi na zote zinapenda kuondoka asubuhi, lakini ukumbi ni ule ule. Watu walilalamika mwaka baada ya mwaka, mpaka wakubwa wakasikia, wakaleta ukarabati. Nyinyi mngedhani mafundi wangevunja ukuta mmoja, wakaongeza milango, wakaongeza viti, wakatenga mahali pa wasafiri na mahali pa wasindikizaji. Mafundi walipaka rangi. Kisha wakaangika vibao vitatu vizuri sana, kimoja Lango la Kwanza, kimoja Lango la Pili, kimoja Lango la Tatu. Vyote vitatu viliangikwa juu ya mlango mmoja, kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Nilipouliza, niliambiwa milango itafuata.

Vipaza sauti vilishushwa ili kuta zipakwe vizuri, vikapelekwa stoo, na huko ndiko viliko. Na ule mlango mmoja ulitiwa kitasa kipya cha kisasa. Ukifungwa, hujikaza wenyewe, na ufunguo wa kuufungua anao meneja, Bwana Kinyogoli. Bwana Kinyogoli si mtu mbaya, ila kila mara anapohitajika yuko kwenye kikao. Kikao cha nini? Cha ukarabati.

Sasa, ilikuwa asubuhi moja ya msimu wa Hija. Mji wa Lukendo ulikuwa unasafirisha mahujaji wake, na miongoni mwao alikuwamo Bi Fatu binti Shomari, mkunga mstaafu. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, na asubuhi hiyo nusu hiyo ya mji ilikuja kumsindikiza, pamoja na watoto wao, mikeka yao, birika zao na kasida zao. Hakuna ukuta wa kuwazuia wasindikizaji, kwa hiyo waliingia mpaka ndani kabisa, karibu na mlango. Bi Fatu aliketishwa pembeni, na watu wakapanga mstari wa kumwaga. Mnajua desturi. Anayekwenda Hija huomba radhi kwa watu, nao humwomba radhi, humshika mkono, humtuma dua, na humtia kitu kidogo mfukoni. Haliendi haraka jambo hilo. Mtu akifika mbele anakumbuka makosa yake yote tangu utotoni.

Asubuhi hiyo hiyo aliingia ukumbini mwanamke mmoja aitwaye Siajabu. Yeye hakuwa akienda Hija. Alikuwa akienda jijini kumpa kaka yake figo.

Kaka yake, Kibwana, ni seremala. Figo zake zilikuwa zimekufa, na katika ukoo mzima figo iliyolingana na mwili wake ilikuwa ya dada yake huyu. Vipimo vilikwisha. Siajabu alirudi nyumbani Lukendo kungoja aitwe, na simu ikaja jana yake jioni. Madaktari wageni wamefika, upasuaji ni keshokutwa asubuhi, na wakimaliza wanaondoka. Barabara ya kwenda jijini ilikuwa imekatwa na mafuriko, daraja limelala upande. Ilibaki ndege ya asubuhi ile, na ndege nyingine yenye nafasi ingekuja baada ya madaktari kuondoka. Kwa hiyo mfahamu vizuri. Siajabu akiikosa ndege ile, Kibwana amekosa figo.

Alifika mapema, maskini, mapema kabisa. Aliangalia ukumbi, akaona watu wamesongamana chini ya vibao vitatu, hakuna mbele wala nyuma. Lilikuwa fungu la watu, halikuwa mstari. Halafu akaona upande wa pili mstari mzuri, ulionyooka, wenye watu wapole walioshika mikoba na vikapu. Siajabu ni mtu aliyelelewa vizuri. Akaenda akasimama nyuma ya mstari ule.

Ndiyo. Akapanga mstari wa kumwaga Bi Fatu.

Msicheke. Nani kati yenu angejua? Hakuna aliyemwambia, na kibao cha kumwelekeza hakikuwapo, kwa sababu vibao vyote vilikuwa juu ya mlango. Alisimama pale huku mstari ukienda hatua moja, ukisimama mtu akilia, ukienda tena hatua moja. Waliomfuata nyuma wakawa wengi kuliko waliomtangulia. Upande wa mlangoni abiria wa ndege yake walikuwa wanatoka, na kasida zikiwa zimepamba moto, hakusikia lolote.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Chausiku alipewa jina la abiria ambaye hajaonekana. Akaita kama alivyofundishwa kazini, abiria Siajabu Mfaume anaombwa afike Lango la Pili. Hakuna aliyegeuka. Akaita tena, akaongeza neno tafadhali. Watu walimwangalia kama wanavyoangalia saa ya ukutani iliyosimama. Mtu anapoitwa abiria, anadhani anaitwa mwingine. Chausiku akaweka karatasi chini. Akangoja waimbaji wavute pumzi, na katika upenyo huo akaita kama jirani anavyomwita jirani yake kutoka uani, ili aje aangalie maziwa yanachemka:

"Siajabu wee!"

Na kutoka katikati ya mstari wa Bi Fatu, kabla mwenyewe hajafikiri, ikatoka sauti:

"Abee!"

Ukumbi mzima ukageuka. Siajabu aliona haya akaziba mdomo, lakini alikwisha kuonekana. Chausiku akamwonyesha ndege kwa kidole kupitia dirishani. Hapo ndipo Siajabu alipofahamu amesimama wapi.

Kuonekana ni jambo moja, kufika mlangoni ni jambo jingine. Kati yake na mlango palikuwa na Lukendo nzima imekaa chini. Palikuwa na mikeka, birika, mabibi walionyoosha miguu, watoto waliolala, na mzee mmoja aliyekuja na jogoo wa kumpa Bi Fatu, ingawa kila mtu alimwambia jogoo haingii kwenye ndege. Siajabu akaanza kusema samahani, naombeni njia, samahani. Watu wakamwambia karibu, mwanangu, na hawakusogea, kwa kuwa hapakuwa na pa kusogea.

Mbaraka alimfikia. Hata yeye hajui alipita wapi. Akauchukua mkoba wake, akauweka kichwani, akavua koti lake la kazi akaufunika. Kisha akainua mkono mmoja kuushika, kama wanavyofanya wahudumu wa arusini wanapotoka jikoni na sufuria, na akaanza kutembea huku anasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Uji wa moto huo. Uji wa moto, mama. Bibi, mguu. Uji wa moto."

Nimewaambia hapakuwa na pa kusogea. Pakapatikana. Miguu ilikunjwa, watoto wakavutwa, mikeka ikakunjwa pembe, na jogoo akapakatwa. Mbaraka alipita katikati, na Siajabu alipita nyuma yake ameshika mkanda wa suruali yake, macho chini. Nyuma yao njia ilijifunga kama maji. Bibi mmoja, katika kukunja miguu, alipiga teke birika lake mwenyewe na chai yote ikamwagika, na kwa muda mrefu baadaye watu walikuwa wanaulizana uji umepelekwa wapi.

Huko mlangoni, abiria wa ndege ile walikuwa wamebaki mmoja. Alikuwa Bwana Kasimbazi, mfanyabiashara wa saruji, mtu wa haraka, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba ana kikao jijini. Msimamizi wa ndege alikuwa nje anamfanyia Eliapenda ishara afunge. Kanuni ni kwamba akishapita wa mwisho aliyepo, mlango unafungwa, ngazi ya ndege inaondolewa, na mambo yamekwisha. Kanuni nyingine ni kwamba mlango haufungwi wakati abiria amesimama kizingitini. Eliapenda alikuwa amesikia ile abee. Akamsimamisha Bwana Kasimbazi hapo hapo kizingitini, akakichukua kitambulisho chake, akaanza kukisoma.

"Picha hii haina ndevu," alisema.

"Nimefuga."

"Lini?"

"Dada, ndege inaondoka."

"Ndege haijaondoka, baba. Mimi ninauliza ndevu. Naomba uvue kofia."

Akavua kofia. Eliapenda akaitazama picha, akamtazama mtu, akairudia picha. Akamwomba avue miwani. Akamwomba ageuke upande wa mwanga. Msimamizi alikuja akamwambia kwa ukali kwamba wanachelewa, na yeye akamjibu kwa adabu kwamba bado yuko na abiria. Bwana Kasimbazi alimwita majina ambayo sitayarudia mbele yenu. Eliapenda alimshukuru, akamwomba jina la pili la baba yake. Alikuwa bado anauliza herufi zake wakati Mbaraka alipotokea na uji wake, akautua mlangoni, ukawa mkoba.

Siajabu akapita. Bwana Kasimbazi akapita. Mlango ukafungwa, kitasa kikajikaza.

Upasuaji ulifanyika kesho yake, na ndugu wawili wakaamka salama, kila mmoja na figo moja inayofanya kazi.

Mngependa tuishie hapo. Mimi pia ningependa. Lakini Kibwana ni mtu wa shukrani, na shukrani yake ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Alipopata nafuu, alitengeneza kiti. Daktari alikuwa amemkataza kazi nzito, kwa hiyo alikitengeneza kidogo kidogo, akipiga randa kidogo na kupumzika. Alitumia mbao za mninga zilizobaki kwenye karakana yake, na hakubakiwa na nyingine za namna hiyo. Kiti chenyewe kina mikono mipana, mgongo ulioinama kama unavyoinama mgongo wa mtu aliyechoka, na mahali pa kuegemeza kichwa pana ubao laini usio na nakshi, umeachwa kwa ajili ya kuchonga jina. Siajabu alikileta Lukendo kwa ndege, akakiweka mbele ya watu watatu, akatoa salamu za kaka yake. Kiti hiki ni cha yule aliyemfikisha dada yangu kwenye ndege.

Wote watatu walisema asante kwa wakati mmoja. Halafu wakaangaliana.

Chausiku alianza kwa upole. Alisema yeye hapendi ubishi, lakini mtu asiyejulikana aliko hawezi kubebewa mkoba wala kungojwa mlangoni. Mbaraka angempitishia uji nani? Eliapenda angemchelewesha mzee wa saruji kwa ajili ya nani? Na isitoshe, kwa kuita vile alipewa onyo na Bwana Kinyogoli, kwamba uwanja wa ndege si uani.

Mbaraka alisema hewala, dada Chau, ulimwita, akaitika, kisha? Angeitika abee mpaka leo amesimama pale pale, anamwomba radhi Bi Fatu kwa makosa ambayo hakuyafanya. Yeye ndiye aliyemtoa. Na yeye ndiye aliyekwenda kumwomba radhi bibi wa birika, akasemwa na wajukuu zake wote kwa zamu.

Eliapenda, ambaye haharakishwi, aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwamba mwito ulifika na njia ikapatikana, lakini vyote viwili vingeishia kwenye mlango uliofungwa, na Siajabu angeitazama ndege kupitia kioo. Walitoa sauti na mwendo. Muda aliutoa yeye. Na barua ya malalamiko ya Bwana Kasimbazi iliandikwa juu yake yeye.

"Wewe ulimshika mtu ndevu tu," Mbaraka akamwambia.

"Na wewe ulidanganya mabibi," akajibu Eliapenda. "Mimi sikusema uongo wowote. Kila swali nililouliza limo katika kazi yangu."

"Limo, shoga," akasema Chausiku, "lakini jina la babu yake ulikuwa unalipeleka wapi?"

Walicheka siku hiyo. Siku ya pili hawakucheka sana. Na ili mjue mambo yalifika wapi, hata Bwana Kasimbazi alipopita Lukendo na kusikia habari za kiti, alidai yeye ndiye aliyesimama kizingitini, kwa hiyo yeye ndiye aliyeuzuia mlango. Huyo tuliamua bila taabu.

Najua mnachotaka kuniambia. Wakae kwa zamu. Wapendwa wangu, nilisema hivyo hivyo. Lakini wote watatu husimama saa zile zile, asubuhi, ndege zinapoondoka pamoja. Mchana ukumbi ukiwa mtupu, hata sakafu ni kiti. Na dawati la maelezo liko upande huu, mlango uko upande ule, mikokoteni ya mizigo iko nje. Kiti hakiwezi kukimbizana na zamu katikati ya watu wale. Mwingine ananiambia Kibwana atengeneze viti vitatu. Nimekwisha kusema mbao zimekwisha na mtu ana mshono. Mwingine atasema wapewe abiria. Abiria watakikalia, ndiyo, na hao watatu wataendelea kusimama, na Kibwana atakuwa ametuma shukrani kwa watu asiowajua.

Bwana Kinyogoli naye aliongeza lake. Alisema ukumbi umejaa mno, na kiti kisicho na mwenyewe ni kizuizi. Kama hakina jina, atakitunza ofisini kwake mpaka ukarabati ukamilike. Watu waliposikia mpaka ukarabati ukamilike, walijua kiti kimekwenda.

Kwa hiyo kiti kilisukumwa pembeni, kikageuzwa ukutani, na hakuna aliyekikalia. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba wale watatu waliacha kusaidiana. Chausiku aliita majina kwa maneno ya kazini, kisha akanyamaza. Mbaraka alibeba mizigo aliyotumwa, hakumwangalia aliyepotea. Eliapenda alifunga mlango mara tu wa mwisho alipopita. Hakuna aliyevunja kanuni. Lakini wiki ile walikosa ndege watu ambao zamani wasingekosa. Mwalimu mmoja alikosa usaili wake, na mama mmoja akakosa maziko ya mdogo wake, akakaa chini pale pale chini ya vibao vitatu, akalia.

Siajabu alipopata habari, alimpigia simu kaka yake. Alimwambia kwamba alipeleka shukrani na umeota ugomvi, na kwamba wakati wowote kati ya sasa na keshokutwa anaweza kukosa ndege mtu mwenye shida kama yake, wakati wale walioweza kumsaidia wamenuniana. Kibwana akasema atakuja mwenyewe na patasi yake, achonge jina moja, na mambo yaishe.

Amekuja. Ameshuka leo asubuhi kwenye ndege ya kwanza, akaingia ukumbini mwa Lukendo wakati ndege zote zinapakia abiria, na mnajua ukumbi unavyokuwa saa hizo. Amekigeuza kiti chake kikatazama watu, akakifuta vumbi kwa kiganja. Chausiku ameacha dawati. Mbaraka ametua mzigo. Eliapenda yuko mlangoni lakini shingo yake iko huku. Wote watatu wamemsalimu, wamempa pole, na wakaona jinsi anavyoshika ubavu wake anaposimama.

Watu wamemwambia akae, kwani kiti si chake? Amekataa. Anasema kiti hakijawa chake tangu alipokimaliza, na hawezi kukalia kiti cha mtu kabla mwenyewe hajamkaribisha. Siajabu amemsihi, akagoma. Hakuna kiti kingine kilicho wazi katika ukumbi mzima, nami nimekwisha kuwaambia kwa nini. Kwa hiyo amesimama. Mtu aliyepasuliwa ubavu amesimama mbele ya kiti bora kuliko vyote Lukendo, patasi mkononi, anangoja aambiwe herufi ya kwanza.

Jambo moja nina hakika nalo. Yeyote kati ya wale watatu atakayetajwa, la kwanza atakalofanya ni kumwambia Kibwana, karibu, kaa. Ninawajua. Lakini lazima mmoja atajwe.

Basi msinitazame mimi. Semeni nyinyi, na mseme haraka, mtu wa watu asije akaanguka. Mmoja alimwita, mmoja akampitisha, mmoja akamngojea. Kibwana achonge jina la nani?